Shamba linakauka, kioo kinasema limeshiba: jinsi ya kusoma muhuri wa ujumbe wa vihisi

Mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi chetu cha wakulima cha asubuhi. Kwa kawaida wasikilizaji wetu husalimia kwanza, wakatuma salamu kwa ndugu na majirani, ndipo waseme shida. Yeye alikwenda moja kwa moja.

"Mwanangu, ninyi ndio mlitangaza kwamba kile kifaa kinajua kama shamba lina kiu. Mbona changu kimesema shamba limeshiba, na mahindi yangu yamekauka?"

Sikuwa na jibu. Wiki chache kabla ya hapo ni mimi mwenyewe niliyeusifu mradi ule hewani. Nilikuwa nimeonyeshwa kioo cha simu ya mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji, nikaona namba nzuri, nikazitangaza. Sikuuliza namba hizo zinasomwaje.

Baada ya simu ile nilikwenda shambani mara tatu, mara mbili nikiwa na fundi mitambo wa kituo chetu. Kijiji sikitaji kwa sababu wenyewe waliniomba hivyo. Makala hii ni jibu la mama yule, na ni kwa ajili yako pia, msikilizaji, kama umefungiwa kifaa cha aina hii au umeambiwa kinakuja.

Kifaa chenyewe kinafanya nini

Katika skimu ile kuna vihisi 12. Vijana waliovifunga waliviita sensa, na wazee wawili watatu wakadhani Serikali imekuja kuhesabu watu tena. Kila kihisi ni kiboksi kidogo juu ya mti wa mita moja. Ndani kina betri mbili kama za saa ya ukutani, kompyuta ndogo sana na chipu ya redio. Chini yake kuna waya unaoingia ardhini kupima unyevu.

Kila dakika 15 kihisi hupima, kisha hutuma ujumbe mfupi kwa mawimbi ya redio hadi kituo kikuu kwenye banda la pampu. Kutoka hapo taarifa hupita kwenye mtandao wa simu mpaka kwenye simu ya mwenyekiti. Yeye akiona shamba fulani limekauka, hulisogeza mbele kwenye zamu ya maji. Akiona limeshiba, hulirudisha nyuma.

Teknolojia hii si ya jana. Mwaka 2002 watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitega vihisi 32 kwenye kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, Marekani, ili kuchunguza ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo bila kwenda kuwasumbua. Hapa kwetu Afrika Mashariki, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavalisha pundamilia wa Laikipia, Kenya, kola zenye redio. Pundamilia wakikutana, kola zilipeana taarifa, na mtafiti aliyepita na gari alizikusanya zote bila kumfuata kila mnyama.

Kwa hiyo vifaa hivi hufanya kazi. Kilichoharibika kijijini ni usomaji wa namba.

Kila ujumbe una bahasha

Chukua mfano wa barua unayompa kondakta wa basi ampelekee ndugu yako mjini. Ndani kuna habari yenyewe. Juu ya bahasha umeandika jina la anayetuma na jina la anayepokea. Kama wewe ni mtu makini umeweka na namba: barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu ikifika, mpokeaji naye anaweza kuandika juu yake: imefika Jumanne jioni, kona moja imelowa.

Ujumbe wa kihisi uko hivyohivyo. Mafundi huuita pakiti. Ndani ya pakiti kuna kipimo cha unyevu. Nje kuna maelezo kuhusu pakiti yenyewe, ambayo mafundi huyaita metadata. Baadhi yameandikwa na mtumaji: namba ya kihisi na namba ya mfululizo. Mengine yanaandikwa na mpokeaji pakiti inapotua: imekuja kwa nguvu kiasi gani, imesikika kwa usafi gani, imefika nzima au imeharibika.

Usisahau kwamba nguvu ya mawimbi haiandikwi na kihisi. Inaandikwa na redio iliyopokea. Mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto hajui sauti yake inafikaje ng'ambo hii. Aliye ng'ambo hii ndiye anayejua.

Ndani ya kituo kikuu kuna programu ndogo inayozungumza na chipu ya redio, ikichukua kila pakiti pamoja na maelezo yake na kuyakabidhi kwa programu nyingine. Mafundi huiita draiva. Si dereva wa basi, lakini kazi inafanana kidogo: inashusha mzigo kama ilivyoupokea. Kuufungua na kuuelewa ni kazi ya anayepokea mzigo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Muhuri wa baiti mbili

Vihisi vya kijiji kile vilitumia chipu ya zamani kidogo lakini inayojulikana sana kwa mafundi wa kazi hizi, CC2420. Ilitengenezwa na Chipcon ya Norway, ambayo baadaye ilinunuliwa na Texas Instruments ya Marekani.

Mtumaji anapomaliza kuandika pakiti, hufunga kwa baiti mbili za mwisho, ambazo ni kama lakiri. Baiti ni chumba kidogo cha kuhifadhia namba kuanzia 0 hadi 255. Lakiri hiyo hupatikana kwa hesabu iliyofanywa juu ya ujumbe wote. Pakiti ikifika, chipu ya mpokeaji hurudia hesabu ileile. Majibu yakilingana, ujumbe ni mzima. Yakitofautiana, kuna kitu kimeharibika njiani.

Baada ya kukagua, lakiri haina kazi tena. Basi chipu huifuta na kupiga muhuri wake mahali palepale, kwenye baiti zilezile mbili. Baiti ya kwanza ni nguvu ya mawimbi. Baiti ya pili imebeba mambo mawili kwa pamoja: jibu la ukaguzi, na usafi wa mapokezi.

Muhuri huu ndio uliosomwa nusunusu.

219, kisha -37, kisha -82

Mradi ulipoanza, kioo cha mwenyekiti kilionyesha kwamba kihisi namba 7, kile cha shamba la mama, kina nguvu ya mawimbi 219. Vijana wa ufundi wakashtuka. Nguvu ya redio kwa kawaida huandikwa kwa namba zilizo chini ya sifuri.

Wakagundua kosa la kwanza. Chipu hii huhesabu baiti ya nguvu kwa kanuni yake: namba yoyote inayozidi 127 ni namba hasi, na ili kuipata unatoa 256. Basi:

219 toa 256 ni -37.

Wakabadilisha programu, kioo kikaonyesha -37. Mwenyekiti akalinganisha na simu yake, iliyokuwa ikionyesha kama -95. Kwa kuwa namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu, akaridhika kwamba kihisi kinasikika vizuri kuliko mnara wa simu. Mimi nami nikaitangaza hiyo hewani.

Lakini hesabu ilikuwa haijaisha. Maelezo ya chipu hii yanasema kwamba ukishapata namba hiyo lazima uongeze marekebisho ya takriban -45 ndipo upate nguvu halisi:

-37 toa 45 ni -82.

Kipimo hiki huandikwa dBm. Sifuri ni sawa na miliwati moja ya nguvu. Ukishuka kwa 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Ukishuka tena kwa 10, inabaki sehemu moja ya mia. Kwa hiyo kusahau 45 si kukosea kidogo. Ni kudhani mawimbi yana nguvu zaidi ya mara elfu thelathini kuliko yalivyo.

Na -82 maana yake nini kwa chipu hii? Mwaka 2006 Kannan Srinivasan na Philip Levis wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vyao vya chipu hiyohiyo. Waliona kwamba nguvu ikiwa juu ya takriban -87, angalau pakiti 85 katika kila 100 zinafika. Ikikaribia mpaka huo, namba haikuambii tena kitu cha uhakika: huenda zikafika nyingi, huenda zikapotea nyingi.

Kihisi cha mama kilikuwa desibeli 5 tu kutoka kwenye mpaka huo. Kilikuwa kinatembea ukingoni mwa shimo, na sisi tukawa tunakipigia makofi.

Jaribu kwenye simu yako

Unaweza kuona jambo hili mwenyewe. Simu ya kitochi haionyeshi, lakini kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu, halafu sehemu ya hali ya laini. Utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba mbili, kwa mfano -87 dBm na 13 asu. Baadhi ya simu huficha sehemu hii, kwa hiyo usishangae usipoikuta.

Hiyo asu ni namba ghafi ya simu, kama ile -37 ya kihisi. Kwenye mtandao wa zamani wa 2G, unaizidisha mara mbili kisha unatoa 113. Mara mbili ya 13 ni 26, toa 113 unapata -87. Hesabu inakubali.

Lakini simu ikiwa kwenye 4G kanuni ni nyingine: unachukua asu na kutoa 140 tu. Kwa hiyo asu 20 kwenye 2G ni -73, na asu 20 kwenye 4G ni -120. Namba ni ileile, maana mbili tofauti, tena hata kinachopimwa si kitu kimoja. Ndiyo sababu mwenyekiti hakupaswa kulinganisha kihisi na simu yake, hata kama hesabu ya kihisi ingekuwa sahihi.

Kwenye vihisi tofauti ni kubwa zaidi. Iko chipu ambayo namba yake ghafi huishia 28, na kila hatua ni desibeli 3. Iko nyingine ya zamani zaidi, CC1000, ambayo haitoi namba bali umeme, na umeme ukipanda maana yake mawimbi yamefifia! Fundi akihamisha programu kutoka chipu moja kwenda nyingine bila kusoma maelezo, kioo kitaendelea kutoa namba kila siku, na namba hizo zitakuwa uongo.

Kusikika kwa nguvu na kusikika vizuri

Baiti ya pili ya muhuri nayo ina mtego wake. Tuseme draiva imetoa namba 235. Ukidhani namba yote ni usafi wa mapokezi, umekosea. Ikiwa namba ni 128 au zaidi, hiyo ni alama kwamba ukaguzi umepita, pakiti ni nzima. Toa 128 ubaki na 107. Hiyo 107 ndiyo usafi. Kwa chipu hii, karibu na 110 ni mapokezi safi kabisa, na karibu na 50 ni mapokezi mabaya kabisa.

Kama draiva ingetoa 107 peke yake, bila ile 128, maana yake ukaguzi umeshindwa. Pakiti imesikika lakini imeharibika, na kipimo chake cha unyevu ni cha kutupa. Kwa hiyo 235 na 107 zina usafi uleule, ila moja ni ya kuamini na nyingine si ya kuamini.

Kwa nini chipu ipime nguvu na usafi mbalimbali? Ninyi wasikilizaji mnalijua jibu kuliko mafundi. Kila wiki tunapokea ujumbe wa aina mbili. Mmoja unasema: "Tunawapata kwa mbali sana, lakini sauti ni safi." Mwingine unasema: "Mnasikika kwa nguvu, ila kuna kituo kingine kinawaingilia." Wa kwanza ana nguvu ndogo na usafi mzuri. Wa pili ana nguvu kubwa na usafi mbaya. Vihisi hivi hutumia masafa yaleyale ya intaneti ya waya-pepo, yaani Wi-Fi, kwa hiyo duka lenye Wi-Fi jirani na shamba linaweza kuwa hicho kituo kingine.

Watafiti wale wa Stanford waliona pia kwamba namba ya usafi hurukaruka sana kutoka pakiti moja hadi nyingine. Pakiti moja yenye usafi mzuri haithibitishi kitu. Chukua wastani wa pakiti nyingi, ndipo useme.

Muhuri ni wa hatua ya mwisho tu

Fundi mitambo wetu alikuta jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Kihisi namba 9 kiko mbali, hakiwezi kufika banda la pampu. Hutuma kwa namba 4, na namba 4 ndiye anayepeleka mbele. Kwenye kioo, vihisi hivi viwili vilikuwa na nguvu zinazofanana siku nzima, kama mapacha.

Sababu ni kwamba kila redio inayopokea hupiga muhuri wake. Kituo kikuu kinajua tu pakiti ilivyomfikia kutoka kwa namba 4. Safari ya kwanza, kutoka 9 hadi 4, haimo kwenye muhuri huo. Ni kama kumuuliza kondakta hali ya barabara ya kijijini wakati yeye alipewa barua stendi ya wilaya.

Ukitaka kuijua hatua ya kwanza, namba 4 lazima achukue muhuri aliopiga yeye, auandike ndani ya pakiti kama sehemu ya habari, ndipo aipeleke. Programu ya kijiji haikuwa ikifanya hivyo.

Siku sita za kimya

Sasa turudi kwenye shamba la mama.

Mahindi yalipopandwa, antena ya kihisi namba 7 ilikuwa juu ya kila kitu. Mahindi yakakua, yakaipita. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Tulipofungua kumbukumbu kwenye kompyuta ya banda la pampu tuliona hadithi nzima. Namba ghafi zilianza -37, baada ya wiki zikawa -39, kisha -42. Ukifanya hesabu kamili, hizo ni -82, -84 na -87. Zilishuka mpaka ukingoni kabisa.

Namba za mfululizo zilisema hivyohivyo. Mwanzoni zilifuatana vizuri: 40, 41, 42. Baadaye zikaanza kuruka: 112, 113, 116, 121. Kila pengo ni pakiti zilizotumwa zikapotea. Hapa kuna tahadhari moja: namba hizo hukaa kwenye baiti moja, kwa hiyo baada ya 255 hurudi 0. Kurudi huko si kupotea.

Katika siku za mwisho nguvu haikuonekana kushuka tena. Ilibaki -42, -42, -42. Mtu angesema hali imetulia. Lakini pakiti iliyopotea haina muhuri. Zinazohesabiwa ni zile zilizofika tu, na zilizofika ni zile zilizobahatika. Ni kama kusimama stendi na kuwauliza abiria walioshuka kama basi lao limeharibika njiani. Wote watakwambia hapana. Ukweli uko kwa wasiofika, na njia ya kuwajua ni kuhesabu: vipimo kila dakika 15 ni pakiti 96 kwa siku, je, zimefika ngapi?

Kisha kukawa kimya. Kihisi kiliendelea kupima na kutuma, betri ilikuwa nzima, lakini hakuna kilichofika. Programu, kwa kukosa habari mpya, iliendelea kuonyesha ya mwisho: unyevu unatosha. Ilionyesha hivyo siku sita, kwenye jua kali, mahindi yakiwa yanachanua. Kila mkulima anajua mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua huwezi kuyarudisha.

Mwenyekiti alifuata kioo. Zamu ya mama ikarudishwa nyuma mara mbili. Msimu ule alivuna gunia tatu kwenye shamba ambalo amezoea kuvuna saba.

Niliwauliza vijana wa ufundi. Hawakujitetea. Mmoja alisema: "Ilipotoka 219 tulijua kuna kosa, kwa sababu namba ilikuwa ya ajabu. Ilipokuwa -37 ilionekana ya kawaida, tukaacha." Nadhani hilo ndilo kosa lenyewe. Namba ya ajabu humfanya mtu aulize. Namba iliyokosewa lakini inafanana na ya kweli haimshtui mtu yeyote, hata mtangazaji mwenye kipaza sauti mkononi.

Kilichorekebishwa

Matengenezo hayakuwa ya fedha nyingi. Antena zote ziliinuliwa kwa miti ya mita tatu. Namba ghafi ya kihisi 7 ikapanda hadi -20, ambayo kwa hesabu kamili ni -65. Sasa kuna nafasi ya desibeli 22 kabla ya ukingo, badala ya 5.

Programu nayo ilibadilishwa mambo matatu. Inatoa ile 45. Inatupa pakiti ambayo ukaguzi wake umeshindwa. Na kama saa moja imepita bila pakiti mpya, inafuta kipimo na kuandika: hakuna taarifa.

Niliuliza kama mvua zitaharibu mambo tena, maana nilidhani unyevu hewani utazuia mawimbi. Fundi alinieleza kisa cha Uholanzi. Watafiti waliopima mawimbi ya vihisi kwenye shamba la viazi huko, wakachapisha matokeo mwaka 2005, walikuta kwamba mawimbi yalisafiri vizuri zaidi wakati wa unyevu, yaani usiku na mvua inaponyesha. Walitarajia kinyume chake. Kwa hiyo hatukukisia. Tulikubaliana waendelee kusoma namba za skimu yao wenyewe msimu mzima, mchana na usiku.

Maswali ya kumuuliza anayekufungia kifaa

Huhitaji kujua programu ili kuuliza. Uliza haya, na usikubali jibu la "usijali":

1. Kipimo hiki kimefika lini? Kama saa haionekani kwenye kioo, iombe iwekwe.
2. Habari zikikatika, kioo kitaonyesha nini? Kikionyesha kipimo cha zamani, hicho ni kifaa cha hatari.
3. Kwa siku zinatumwa pakiti ngapi, na jana zimefika ngapi?
4. Namba hii ya nguvu ni ghafi au imeshafanyiwa marekebisho? Kwa chipu gani?
5. Ni nguvu ya kutoka shambani kwangu, au ya hatua ya mwisho tu?
6. Mazao yangu yakifika urefu wa mwisho, antena itakuwa juu yake au chini yake?

Sisi redioni tulirudi hewani tukasahihisha tulichotangaza, kwa saa ileile na kipindi kilekile. Mama alikuwa mgeni wetu kwa njia ya simu. Nilimuuliza kama bado anakitumia kile kifaa.

"Nakitumia, mwanangu. Ila asubuhi nikimpigia mwenyekiti, nauliza kwanza kimesema saa ngapi. Akiniambia saa, naendelea kusikiliza. Asiponiambia, nachukua jembe naenda kuchimba nione mwenyewe."